Mtu wa Tano

Jumanne, 4 Machi

Gari namba tisa. Naiandika hapa juu kabisa nisije nikaisahau. Tisa! Mlango wa nyuma una mkwaruzo mrefu, kioo cha pembeni kimeshikizwa kwa gundi. Dereva mnene, shingo fupi, sauti ya upole ya kuudhi. Atanitambua. Sijui lini wala vipi, lakini atanitambua.

Leo ilikuwa siku ya jicho la Mama. Daktari wa macho huja hospitali mara moja tu kila wiki tatu, na orodha yake hufungwa saa nne asubuhi. Jicho la kushoto la Mama lilikufa zamani. Hili la kulia ndilo lililobaki, nalo limezibwa na mtoto wa jicho mpaka Mama ananitambua kwa nyayo. Saa mbili na nusu tulikuwa kituo cha teksi, tumeoga, tumevaa. Mama, mimi, mdogo wangu, wifi na mtoto mgongoni, na mama mdogo aliyesafiri siku nzima kwa ajili ya leo.

Dereva akatuhesabu kwa kidole. Kwa kidole! Alipomfikia wifi akasita. Akasema mtoto wa kubebwa hahesabiwi, lakini gari hili lina leseni ya abiria wanne, na sisi watu wazima ni watano. Mmoja abaki.

Nani abaki? Mimi ni mzaliwa wa kwanza, na karatasi zote zilikuwa kwenye mkoba wangu. Mama mdogo ametoka mbali. Wifi anajuana na nesi wa pale. Mdogo wangu naye anasema yeye ndiye mwanamume, huenda ikatakiwa sahihi. Na Mama keshaketi mbele, kimya, mikono juu ya mapaja, anatazama kioo asichokiona.

Tukabishana. Mara tubanane, mara nusu ya nauli juu, mara trafiki, mara bima. Kelele tupu. Ilipokaribia saa tatu, dereva akafungua mlango wa mbele, akamwambia Mama kwa heshima zote ashuke. Heshima zote! Akamshika mkono mpaka chini, tena taratibu. Sikutaka amshike. Kisha akampakia mwanamume mmoja mwenye begi la ngozi, akaondoka zake.

Nikakimbilia gari lililofuata. Dereva akatazama pembeni. Ndipo nikaambiwa desturi yao: abiria aliyekataliwa na wa mbele, wa nyuma hamchukui, labda yule wa mbele amruhusu. Na wa mbele keshaondoka! Magari saba kwenye mstari, madereva saba wote wanatazama viatu vyao.

Tukatembea hadi barabara kubwa, tukangoja basi, tukashuka, tukatembea tena. Saa nne na dakika kumi na mbili. Daftari limefungwa. Yule nesi wa wifi yuko likizo, bila shaka. Tumepewa tarehe 25. Daktari alikuwa anapita, akasema Mama asinyanyue mizigo, asiinameiname, presha ya jicho isipande, maana hilo ndilo pekee.

Mama kasema wiki tatu si mwaka.

Jumatano, 5 Machi

Mama mdogo ameondoka. Wakati wa kuagana akasema laiti angejua angebaki yeye nyumbani. Mdogo wangu akadakia, eti dada, hata wewe ungeweza kubaki, ungetupa tu zile karatasi. Nimemtupia bobini ya cherehani. Nimemkosa.

Ijumaa, 7 Machi

Mama ameungua.

Nilikuwa chumba cha mbele, kwenye cherehani, namalizia suti ya mteja. Nikasikia kikombe kikianguka. Mama alitaka kujimiminia chai asinisumbue. Akaimimina yote juu ya mkono wake wa kushoto. Malengelenge kutoka kidole cha shahada mpaka kwenye kifundo. Anasema kikombe kilisogea. Mama yangu! Aliyepiga chapa ofisini miaka thelathini bila kutazama vidole, bosi anasoma yeye anachapa, na karatasi inatoka haina kosa hata moja. Leo anapapasa kikombe mezani.

Nimempaka dawa. Nimefunga kitambaa. Nikaenda uani nikalia kidogo, nikarudi.

Angepasuliwa Jumanne leo angekuwa anaona. Hesabu yangu ni hiyo na haina kona. Lengelenge moja, namba tisa. La pili, namba tisa. La tatu, namba tisa. Nimemuomba Mungu amtie mkononi mwangu, na si dua nzuri, najua.

Jumatatu, 10 Machi

Mungu ana haraka zake!

Leo kaja mwanamume mfupi mwenye fungu la funguo kiunoni, mwenyekiti wa kituo cha teksi. Chama chao kinataka sare. Mashati thelathini na moja, buluu ya mawingu, mfuko mmoja kifuani, na juu ya mfuko namba ya gari kwa uzi mweupe. Wamesikia kwamba mimi ndiye fundi asiyechelewesha nguo mtaa mzima. Madereva watakuja kupimwa kwa makundi, kuanzia kesho.

Nikamuuliza, wote? Akasema wote, namba moja mpaka thelathini na moja.

Nikamwambia karibu sana, baba. Nikampa na kiti.

Jumanne, 11 Machi

Alikuja. Nimempa jina: Bwana Wanne. Aliingia wa nne kweli katika kundi lake, nilitaka kucheka peke yangu.

Alisimama mbele yangu, mikono juu, mahali pale pale wanaposimama wateja wote, kati ya kioo na meza ya kukatia. Nikazungusha futi ya kupimia kifuani mwake. Hakunitambua! Nimelala na sura yake siku saba, yeye ananiona fundi tu. Akaniambia pole na kazi. Nikasema asante.

Kifua kikubwa. Tumbo linapita hesabu. Hapo ndipo nilipopata raha ya kwanza tangu tarehe nne. Kila fundi anajua: mwili ukizidi kipimo fulani, upana wa kitambaa hautoshi, unaongeza vipande ubavuni, na mteja analipia nyongeza. Ni haki yangu, hakuna wa kuniuliza. Nikamwambia mbele ya wenzake, kwa sauti ya upole kama ile yake: wewe umezidi, chama kimelipia mwili wa kawaida. Au ulipe nyongeza, au nisikushonee.

Wenzake wakatazama viatu vyao. Wanavipenda kweli viatu vyao hawa watu.

Na yeye? Akacheka! Akasema, "Haki yako, fundi. Tumbo hili hata mke wangu analilalamikia." Akatoa pesa pale pale. Hakupunguza, hakubembeleza. Akaniachia shukrani juu.

Kwa hasira nikamkosea vipimo mteja aliyefuata.

Jioni nimekata shati lake. Nikalipunguza mabega vidole viwili, na kwapa vidole viwili, ili kila akizungusha usukani limkabe. Nikashona mkono mmoja. Nikautazama. Mshono umekaa vibaya, hata kipofu angeuona, na kifuani kwake watu wangeuliza: hili kashona nani? Nimeufumua. Sitakubali kuitwa fundi mbovu kwa ajili yake. Kumkomesha nitamkomesha, lakini si kwa sindano.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefunga duka asubuhi nikaenda ofisi ya leseni za magari ya abiria. Foleni ndefu. Karani ni mwanamke wa makamo, miwani puani, feni ndogo mezani ambayo anaielekeza kwake tu. Nikamwambia nimekuja kulalamika, dereva amemkataa mgonjwa.

Akauliza alimkataa kwa nini. Nikamweleza. Akavua miwani. Gari dogo, abiria wanne, yule wa tano dereva ana haki ya kumkataa, na akimbeba sisi ndio tunaomfungia. Hakuna kosa hapo, mama. Mwingine!

Nilikuwa nimeshageuka. Kisha nikauliza, kwa kuuliza tu: na akidai nyongeza ili ambebe huyo wa tano?

Karani akarudisha miwani. Akasema hilo sasa ni jambo jingine. Nyongeza ya kundi ni ya magari makubwa, yenye viti saba, na imebandikwa kwenye tangazo. Gari dogo haliruhusiwi wa tano kabisa, kwa hiyo anayedai nyongeza anauza kitu ambacho si chake. Huyo anafungiwa miezi mitatu, na akirudi anaanza upya mwisho wa mstari.

Miezi mitatu! Nimempenda yule karani.

Amenipa fomu. Maelezo ya mlalamikaji, namba ya gari, tarehe, na chini kabisa nafasi ya shahidi mmoja aliyekuwepo. Shahidi asiwe mlalamikaji. Bila shahidi, fomu haipokelewi.

Njia nzima nimerudi natabasamu. Nusu ya nauli ilitajwa siku ile. Ilitajwa! Nimeiandika humu.

Jumamosi, 15 Machi

Mdogo wangu hana akili, au anayo nyingi kuliko inavyotakiwa.

Nimempa fomu, nimempa kalamu, nimemwonyesha pa kutia sahihi. Kaisoma yote, polepole. Kisha akasema, "Dada, mbona mimi nilisikia ni wewe uliyetaja nusu? Wewe ulisema tutakuongezea nusu ya nauli, tubebe hivyo hivyo. Yeye akasema hapana."

Nikamwambia hukusikia vizuri, ulikuwa unabishana na mkeo. Akasema alisikia, tena dereva alisema hata ukinipa mara mbili. Nikamgeukia wifi. Wifi akasema yeye alikuwa anamnyonyesha mtoto, hakusikia chochote. Mtoto alikuwa mgongoni! Tangu lini mtoto ananyonya mgongo?

Haya. Humu nasema ukweli, nisipousema humu nitausema wapi. Labda nilitaja mimi. Nilitaja kwa hasira. Lakini yeye alisita kabla ya kukataa, nilimwona. Aliiwaza ile nusu. Na mtu akishaiwaza pesa ameshaidai, tofauti ni mdomo tu. Mimi nimemsaidia mdomo.

Na ule mkono wa Mama? Lengelenge la katikati limepasuka jana. Nani atalijazia fomu lengelenge?

Jumapili, 16 Machi

Nimepata shahidi.

Mdogo wangu na wifi walikuwa wametoka na mtoto. Mama alikuwa ameketi kitandani, anasikiliza redio. Nikachukua fomu, na kile kidau cha wino ninachotumia kwa muhuri wa risiti. Nikaketi karibu naye. Nikamwambia Mama, kuna karatasi ya hospitali, ya kukubali kupasuliwa, wanataka dole gumba.

Akasema kwa nini si sahihi. Mama ana sahihi nzuri, ya mkia mrefu, ofisini kwao walikuwa wanamtania kwamba mkurugenzi anamwonea wivu. Nikasema wameandika dole gumba. Akasema basi nisomee.

Nikamsomea. Karatasi iko mbele yangu imeandikwa gari namba tisa, na mimi nasoma hospitali. Nimeitunga yote pale pale. Mimi mgonjwa nakubaliana na kupasuliwa jicho la kulia. Mama akanikatiza. "Siyo nakubaliana. Nakubaliana na nani? Ni naridhia. Watu wa ofisi siku hizi hawajui kuandika." Nikasema ndiyo, Mama, wamekosea. Nikaendelea. Sauti yangu ilikuwa safi kabisa.

Akanipa kidole. Cha mkono wa kulia, ule mzima. Nikakibonyeza kwenye wino, nikakibonyeza pale chini. Alama imetoka vizuri, mistari yote inahesabika. Nikamfuta kwa kitambaa cha chaki.

Akasema ahsante mwanangu, unahangaika sana na mimi.

Sitaandika zaidi leo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepeleka. Karani amegonga muhuri. Kamati inakaa Jumatano ya tarehe 26. Mlalamikaji akibadili nia aje kabla ya hapo. Sibadili.

Ijumaa, 21 Machi

Mashati yote yamekwisha. Mwenyekiti kachukua thelathini kwa pamoja, kasifia kola. Lile la nyongeza lilibaki, kwa sababu mwenyewe alitakiwa kulijaribu.

Akaja mchana. Akalivaa mbele ya kioo, akanyanyua mikono, akaizungusha kama ameshika usukani. Lilimkaa! Halikunyanyuka hata kidole. Namba tisa nyeupe kifuani, imenyooka. Kwa dakika moja nilisahau ni nani, nikafurahi.

Kisha akauliza, "Mama anaendeleaje na jicho?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilikaribia kuzimeza.

Kumbe alinitambua siku ile ile ya kupimwa! Anasema alipoona nimenyamaza akanyamaza na yeye, asinitie aibu mbele ya watu. Anitie aibu mimi? Yeye! Nikamuuliza kwa nini basi ulilipa nyongeza bila kubisha. Akasema ulikuwa unasema kweli, fundi, tumbo ni langu.

Akasimama pale na shati lake jipya, akanieleza mambo ambayo sikumuuliza. Mwaka juzi alimhurumia mtu wa tano, akakutwa njiani, akafungiwa miezi mitatu. Alikaa nyumbani anaosha vyombo, mkewe akilisha nyumba peke yake. Akaapa hambebi tena wa tano, hata aje mkwe wake. Lakini ile siku ilimkera, amemfikiria yule mama aliyeshuka bila kusema neno. Siku ya kurudi hospitali nimwambie, atatufuata mlangoni, tusihangaike na mstari.

Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie hapana, tumeshapata gari. Sauti ya Mama ikatoka chumba cha nyuma. "Ndiye yule aliyenishika mkono? Mwambie aje. Jumanne, saa moja na nusu."

Akamwamkia kupitia pazia. Shikamoo, mama. Marahaba, baba. Wakaanza kuongea, yeye huku na Mama kule, mimi katikati na pini zangu. Wakaongelea hata bei ya matairi!

Anajifanya. Mtu mwema wa kweli angetubeba tarehe nne. Wema unaokuja na shati jipya siutaki.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeenda ofisi ya leseni. Nilisema naenda kununua uzi.

Nimefika mpaka mlangoni. Watu wanne mbele yangu. Nimesimama nikawaza maneno ya kusema: fomu yangu nimeikosea, naomba niirudishe. Maneno rahisi. Karani asingeuliza kitu. Foleni ikasogea, wakabaki watatu, wawili.

Nikakumbuka vile alivyotuhesabu kwa kidole. Vile magari saba yalivyonyamaza. Mama katikati ya barabara kubwa, anaruka mtaro asiouona, ameshika mkono wangu na wa mama mdogo, ananiuliza bado mbali? Bado mbali? Nikamjibu siyo mbali, na ilikuwa mbali sana.

Mtu mmoja tu mbele yangu. Nikatoka kwenye foleni. Miezi mitatu haiui mtu. Alishaoshaga vyombo, ataosha tena.

Nimenunua uzi kweli, nisiwe mwongo.

Jumanne, 25 Machi

Saa moja na dakika ishirini na tano alikuwa mlangoni. Amevaa lile shati. Tuko wanne na mtoto, na alituhesabu tena! Kwa kidole kile kile! Kisha akacheka, mdogo wangu akacheka, Mama naye akacheka. Mimi nilikuwa nafunga mlango.

Ameendesha polepole, kila tuta anamwambia Mama kwanza kwamba tuta linakuja. Saa mbili tulikuwa wa tatu kwenye orodha. Wakamwingiza saa tano. Nilikaa kwenye benchi na mkoba wangu wa karatasi. Nesi akatoka na fomu ya kukubali, ile ya kweli. Akasema mgonjwa ametia sahihi mwenyewe, tumemwelekeza mkono tu. Mkia mrefu mpaka nje ya mstari. Akaniuliza, "Mama anasema alishasaini hii nyumbani, mliileta?" Nikasema ameichanganya, ni mtu mzima. Mdogo wangu aliniangalia.

Daktari anasema limetoka lote. Kesho tunafungua.

Jumatano, 26 Machi

Anaona!

Nesi alipotoa bandeji Mama alifumba jicho, akalifumbua, akafumba tena. Kisha akaanza kusoma ukuta. Tangazo la kunawa mikono, lote, mpaka jina la mchapaji kule chini, kwa sauti, na akasema neno usafi wameliandika mara tatu katika mstari mmoja. Nesi alicheka mpaka akakaa. Akanigeukia akanitazama muda mrefu. Akasema, "Umekonda. Nani kakukondesha?" Nikamkumbatia nisijibu.

Nje akamwona Bwana Wanne kwa mara ya kwanza. Akamshangaa. Sauti yako ni ya kijana, kumbe una mvi! Akasoma kifua chake: tisa. Akasifia mshono. Akasema huyo fundi ni wangu, nimemzaa mimi.

Leo ndiyo siku ya kamati. Kuanzia saa tatu wamekaa. Nimeangalia saa ukutani mara nyingi, sijui nilikuwa natarajia nini kitatokea.

Nyumbani Mama ametoa miwani yake ya zamani ya kusomea, ameifuta, na tangu mchana anasoma kila kitu. Pakiti ya sukari. Lebo ya cherehani. Gazeti lililofungiwa vifungo. Hili daftari nimelihamishia chini ya vitambaa.

Ijumaa, 28 Machi

Mdogo wangu kapita kituoni asubuhi. Namba tisa haipo kwenye mstari. Wamemsimamisha tangu jana mpaka kesi isikilizwe, na lile shati kaambiwa asilivae. Mwenyekiti anasema hajui nani kamshitaki, fomu ni siri ya ofisi. Mdogo wangu alinisimulia huku akinitazama machoni, kisha akaenda kazini bila kuaga.

Nimefurahi. Naandika tena: nimefurahi. Nilimtaka hapo na yupo hapo. Nani alimwambia atuhesabu kwa kidole? Tangu asubuhi nimeshona kola moja tu, na nimeishona upande usio wake.

Saa nane na nusu. Kagonga mjumbe. Siku zote mimi ndiye ninayeenda mlangoni, lakini siku hizi Mama anataka kufungua mwenyewe, aone ni nani. Mpaka nisimamishe cherehani ameshapokea. Bahasha ya kahawia, muhuri wa ofisi ya leseni. Nikasema Mama nipe, hiyo ni ya duka. Akaigeuza. "Imeandikwa jina langu."

Ameketi nayo mezani kwangu, upande wa pili wa cherehani. Amevaa miwani. Ameichana juu kwa mkasi wangu, vizuri, asiharibu barua. Mimi nimefungua daftari, najifanya naandika vipimo.

Anasoma kwa sauti, kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyokuwa akihakiki chapa. Wewe kama shahidi. Katika shauri la gari namba tisa. Unatakiwa kufika mbele ya kamati siku ya Jumatano, tarehe 2 Aprili. Kwa mujibu wa ushahidi wako kwamba dereva alidai nusu ya nauli zaidi, ambao uliuthibitisha kwa dole gumba tarehe 16 Machi, mbele ya binti yako.

Ameweka barua mezani.

Ameuinua mkono wa kulia karibu na dirisha, anakitazama kidole. Hakina wino, nilikifuta mwenyewe. Anakitazama tu. Sasa ameirudisha barua juu, anaanza tena mstari wa kwanza, safari hii bila sauti, midomo inatembea. Natamani angekosea neno. Hakosei.

Ningeweza kusema kitu. Ningesema ilikuwa kwa ajili ya mkono wako, Mama. Ningesema wewe hukuwaona wale madereva, mimi niliwaona. Na bado ninaona niko sahihi, hapa hapa nilipo, na bado namchukia yule mtu!

Amevua miwani. Hanipigii kelele. Anasema, "Nusu ya nauli ulisema wewe. Nilikuwa nimeketi mbele, mlango uko wazi. Macho ndiyo yaliyokuwa mabovu, siyo masikio."

Naendelea kuandika, asione uso wangu.

Ameigeuza barua upande wa nyuma, usioandikwa, ameinyoosha kwa kiganja juu ya meza. Anataka kalamu. Nimesema sijui ziko wapi, mtoto amezichezea. Anasema nimpe basi hiyo ninayoandikia, anataka kuwaandikia watu wa ofisi mistari miwili na kuweka sahihi yake, na mimi ndiye nitakayeipeleka, leo, kwa miguu.

Amenyoosha mkono juu ya cherehani. Ule wenye kovu. Anangoja, na kalamu ninayo mimi.